Hitilafu ya Umeme Ina Mwenyewe

Kila mara jengo linapoungua katika nchi yetu, liwe bweni la shule, duka la mjini au nyumba ya mtumishi, sentensi moja hutangulia kufika magazetini hata kabla majivu hayajapoa: chanzo cha moto kinasadikiwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Wasomaji huisoma, huguna, husema ajali haina kinga, kisha hugeuza ukurasa. Mimi mwenyewe nimeiandika sentensi hiyo zaidi ya mara moja, na sina budi kukiri kwamba sikurudi hata siku moja kuuliza hitilafu hiyo ilikuwa ipi, ilikuwapo tangu lini, na ni nani aliyekuwa akiijua.

Leo nadai kwamba sentensi hiyo si jibu. Ni mwanzo wa swali. Umeme haukosei. Hauna uvivu wala ulevi, haupokei rushwa wala hausahau. Unafuata kanuni zake zilezile usiku na mchana, katika Ikulu na katika kibanda cha mchoma mahindi. Wanaokosea ni watu: yule aliyefunga waya mwembamba mahali pa waya mnene, yule aliyeona akanyamaza, na yule aliyepelekewa taarifa akaiweka kwenye jalada. Kila hitilafu ya umeme, kwa hiyo, ina mwenyewe.

Nimesukumwa kuandika haya na ziara niliyofanya katika shule moja ya sekondari ya bweni. Sitaitaja kwa jina, maana kosa lake ni kosa la shule nyingi, na sipendi mkuu wake aadhibiwe kwa kuwa alikuwa mkweli kwangu. Nilikwenda kwa habari nyingine kabisa. Tulipokuwa tukipita karibu na bweni la wasichana niliona kitanda kitupu cha chuma kimesimamishwa wima ukutani, kimefungwa kwa kamba. Nikauliza. Matroni akanieleza kwamba nyuma ya kitanda hicho kuna soketi iliyoungua, na kwamba amekiweka pale ili watoto wasiiguse.

Mkuu wa shule hakunificha kitu. Alinifungulia jalada. Ndani yake mlikuwa na taarifa ya ukaguzi, imeandikwa vizuri, imepigwa muhuri, na ilikuwa na umri wa miezi 14. Mkaguzi alikuwa mtu anayeijua kazi yake. Aliandika kwamba soketi 2 za bweni hilo zimelegea na kuungua. Aliandika kwamba waya wa ardhi, ule ambao mafundi huuita ethi, haukuunganishwa na kitu chochote. Aliandika kwamba fyuzi imeondolewa na mahali pake pamewekwa kipande cha waya wa shaba. Aliandika kwamba nyaya za darini zimetafunwa na panya, na kwamba boksi kuu halina mfuniko. Nyuma ya taarifa hiyo zilifuata barua: shule kwa wilaya, wilaya kwa mhandisi, mhandisi akiomba makadirio, shule ikijibu kwamba haina mtaalamu wa kuandika makadirio. Barua ya mwisho ilikuwa imekaa miezi 5 bila kujibiwa. Katika muda huo wote wasichana walilala chini ya dari lile, na kinga yao ya pekee ilikuwa kitanda kile na kamba ya matroni.

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: lau bweni lile lingeungua, tungeandika nini magazetini? Tungeandika hitilafu ya umeme. Nami huenda ningekuwa mwandishi wake.

Wengi wetu hatuna elimu ya ufundi, kwa hiyo maneno ya mkaguzi hutupita kama maneno ya lugha ngeni. Hapana budi tuyafasiri, kwa sababu mtu hawezi kuogopa asichokielewa.

Tuanze na soketi iliyolegea. Waya unapobanwa vizuri, umeme hupita bila taabu. Skrubu ikilegea, umeme hupita kwa shida mahali padogo, na shida hiyo hugeuka joto. Plastiki hubadilika rangi, ikawa kahawia, kisha nyeusi. Baadaye huzuka cheche. Haya hayatokei kwa siku moja. Huenda yakachukua miezi, na katika miezi hiyo yote soketi inaendelea kutoa ishara kwa kila mwenye macho na pua.

Waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mzito nao hauna tofauti. Mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kuuthibitisha ubaoni. Birika la umeme la wati 2,000, katika umeme wetu wa volti 230, huvuta karibu ampia 9. Pasi ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampia 4. Vyombo hivyo viwili vikichomekwa pamoja kwenye waya mmoja wa kuunganishia, uliofungiwa soketi nyingi na kununuliwa kwa bei ya kutupa, waya huo unabeba ampia 13, ilhali pengine ulitengenezwa kubeba nusu yake. Nalo joto haliongezeki sawasawa na mkondo: mkondo ukiwa mara 2, joto huwa mara 4. Hiyo ndiyo sababu waya uliovumilia redio na taa kwa miaka 10 unaweza kuungua siku ya kwanza ya kuchomekwa jiko.

Fyuzi ipo ili ife kabla ya nyumba kufa. Ni kiungo dhaifu kilichowekwa makusudi, kikatike mkondo unapozidi. Anayeiondoa na kuweka kipande cha waya wa shaba, au msumari, amemfukuza mlinzi mlangoni na kumwambia mwizi apite.

Waya wa ardhi ndio unaosahauliwa kuliko yote, kwa sababu nyumba huwaka taa vizuri kabisa bila huo. Kazi yake huonekana siku moja tu: siku ambayo waya wenye umeme unagusa bati la jokofu, la pasi au la pampu ya maji. Ukiwapo, umeme hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Usipokuwapo, bati lile hubaki na umeme, likimsubiri mtu wa kwanza kuligusa, hasa mwenye miguu mitupu na mikono yenye maji. Mkondo wa miliampia chache tu hupita mwilini kwa maumivu. Ukifikia makumi kadhaa unaweza kukaza misuli mtu asiweze kuachia, ukamzuia kupumua na kuvuruga mapigo ya moyo. Ndiyo maana mafundi wa kisasa hufunga kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kwa miliampia 30, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kifaa hicho kina kitufe cha majaribio. Ni majengo mangapi ya umma ambamo kitufe hicho kimewahi kubonyezwa?

Lipo kosa jingine ambalo jicho haliwezi kuliona: swichi iliyofungwa kwenye waya usio wake. Badala ya kukata waya wa moto, inakata ule wa kurudishia. Taa huzimika, na mwenye nyumba hudhani pako salama; kumbe kishikio cha balbu bado kina umeme. Mtu hupanda ngazi kubadilisha balbu iliyozimwa, na kuanguka kutoka kwenye ngazi ile. Kosa hili hugunduliwa kwa kipimo tu. Ndiyo maana ukaguzi wa kutembea na kalamu kutoka chumba hadi chumba haujakamilika. Ukaguzi wa haki hutumia vyombo: hupima kama waya wa ardhi unafika unakotakiwa, hupima ganda la nyaya kwa volti 500 ili kuona kama halivujishi, hupima kama swichi zimefungwa upande unaostahili.

Sasa tujiulize kwa nini makosa haya yamejaa katika majengo yetu. Sababu ya kwanza ni kwamba tunakagua mara moja katika maisha ya jengo, yaani siku ya kuomba kuunganishiwa umeme. Baada ya hapo nyaya za shirika huishia kwenye mita, na yaliyo ndani ni ya mwenye jengo. Lakini jengo halibaki kama lilivyokuwa siku ile. Chumba cha mwalimu huongezwa, kompyuta huletwa, jokofu la chanjo hufungwa zahanati, na kila nyongeza huning'inizwa kwenye waya uleule wa zamani. Ganda la waya huzeeka kwa joto. Panya nao hawangoji kibali. Nyumba iliyokuwa salama mwaka 1985 haiwezi kudhaniwa kuwa salama leo kwa sababu tu taa bado zinawaka.

Sababu ya pili ni bei. Tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilipozaa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umeme umefika mahali ambapo wazee wetu hawakutarajia kuuona. Ada ya kuunganishiwa kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000 ili mkulima naye apate mwanga. Ni hatua ya kujivunia. Lakini ada hiyo ni ya kuuleta umeme hadi nyumbani. Kazi ya kutandaza nyaya ndani ni gharama ya mwenye nyumba, nayo huwa kubwa zaidi. Hapo ndipo mwananchi anapomwacha fundi mwenye leseni ya EWURA na kumwita kijana wa jirani anayejua kidogo, kisha hutafutwa mtu wa kutia saini kwenye fomu ya kazi asiyoiona. Saini hiyo si msaada. Ni uongo ulioandikwa, na atakayeulipia ni mtoto aliyelala.

Tusisahau tulikotoka. Mwaka 2009, katika Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, moto uliteketeza bweni na wasichana 12 wakapoteza maisha. Ilielezwa wakati ule kuwa chanzo ni mshumaa wa kujisomea usiku. Tulisema, na tulisema kweli, kwamba mtoto wa shule asisomee mshumaa. Tukaleta umeme mabwenini. Je, tuliuleta ili kumwokoa mtoto na moto, au ili kuuficha moto ndani ya ukuta?

Wenzetu wa Uingereza wamelipa gharama kubwa kujifunza somo hili. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower, lenye orofa 24, liliwaka moto katika jiji la London, na watu 72 walikufa. Moto ulianzia jikoni mwa nyumba moja ya ghorofa ya 4, katika jokofu lililopata hitilafu ya umeme. Kama wangekuwa na desturi yetu, habari ingeishia hapo. Haikuishia hapo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Martin Moore-Bick ilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2019 jinsi moto ulivyoanza, na kwamba mpangaji wa nyumba ile hakuwa na lawama. Katika taarifa ya mwaka 2024 tume ikaendelea kueleza kwa nini hitilafu ya jokofu moja iliweza kuua watu 72: ukuta wa nje ulifunikwa kwa vifaa vinavyowaka, na waliouza, waliofunga, waliosimamia na waliotunga sheria, kila mmoja akatajwa kwa sehemu yake. Wakazi walikuwa wamelalamika kwa miaka kuhusu usalama wa jengo lao dhidi ya moto. Hatari ilikuwa inajulikana; mwenye kuishughulikia hakupatikana.

Liko jambo jingine katika nchi hiyo ambalo tungefaa kulitazama. Kanuni za mwaka 2020 za England zinamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aikaguze mifumo ya umeme angalau kila baada ya miaka 5. Mkaguzi haandiki tu kwamba nyumba ni mbovu. Anaipa kila hitilafu daraja lake: la kwanza ni hatari iliyopo sasa hivi, la pili ni ile inayoweza kuleta hatari, la tatu ni jambo la kuboreshwa. Kwa madaraja mawili ya kwanza mwenye nyumba hupewa siku 28 kurekebisha, au chini ya hapo mkaguzi akitaka, na mpangaji hupewa nakala ya taarifa asome mwenyewe. Asiyetii, kanuni hizo ziliruhusu atozwe faini hadi pauni 30,000. Sisemi tuinakili sheria ya watu neno kwa neno. Nasema tuone maana yake: hitilafu ikigunduliwa, hupewa daraja, tarehe na mtu. Ya shule niliyoitembelea ilipewa muhuri na jalada.

Wapo watakaosema kwamba hatuna fedha. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Mkuu wa shule mwenye upungufu wa madawati hawezi kuchezewa kwa hotuba. Lakini na tuitazame orodha ya mkaguzi yule upya. Kukaza skrubu hakuhitaji bajeti ya wilaya. Mfuniko wa boksi hauhitaji zabuni. Kurudisha fyuzi ya kweli mahali pake na kuunganisha waya wa ardhi ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache. Lililohitaji fedha hasa ni kubadilisha nyaya za darini. Na hata kabla ya hilo, ipo hatua ambayo haigharimu hata senti moja: kuuzima umeme wa bweni lile kwenye boksi kuu mpaka fundi afike. Wasichana wangesomea darasani kwa wiki chache. Wangenung'unika, na manung'uniko hayo yangefika wilayani upesi kuliko barua.

Kwa hiyo tatizo letu kubwa si umaskini. Ni desturi yetu ya kuamini kwamba jambo likishaandikwa limeshatendwa. Mtumishi anayepeleka barua juu hujiona ametimiza wajibu, na anayeipokea hujiona hajaanza wajibu mpaka fungu lipatikane. Kati ya wawili hao hatari hukaa kimya, ikiwa halali kabisa, na namba ya kumbukumbu juu yake. Nathubutu kusema kwamba hitilafu iliyogunduliwa na kuachwa ni mbaya kuliko ile isiyojulikana, maana ile ya pili ni bahati mbaya, lakini ya kwanza ni uamuzi.

Tufanye nini basi? Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila bweni, zahanati, ofisi na nyumba ya mtumishi ikaguliwe umeme wake kwa vyombo kila baada ya miaka 5, na kila inapoongezwa chumba au chombo kizito. Pili, mkaguzi akikuta hatari iliyopo, asiondoke kabla sehemu hiyo haijazimwa. Ruhusa ya kuzima isisubiri barua. Tatu, taarifa itaje kila hitilafu, tarehe ya mwisho ya kuirekebisha na cheo cha mwenye kuirekebisha, na nakala ibandikwe mahali wanapokaa wanaohusika, mlangoni mwa bweni na si kabatini mwa mkuu. Nne, baada ya moto wowote katika jengo la umma, wananchi waelezwe jengo lilikaguliwa lini mara ya mwisho, kilionekana nini, na kilifanywa nini. Sisi waandishi tuulize maswali hayo matatu kabla hatujaandika neno hitilafu.

Na wewe mwalimu, wewe mtumishi usomaye ukurasa huu, usingoje waraka. Ukirudi nyumbani leo, pitisha kiganja karibu na soketi unayoitumia sana, bila kuigusa kwa mkono wenye maji: kama ina joto, imebadilika rangi, inanuka au inalia, acha kuitumia na umwite fundi mwenye leseni. Kama bomba au jokofu linakutetesha kidogo unapoligusa, usicheke ukaendelea. Huo ni umeme unaotafuta njia, na waya wa ardhi haupo. Usifungue boksi mwenyewe, lakini jua swichi kuu ilipo na uwafundishe watoto wako. Mwalimu wa fizikia, wape wanafunzi wako hesabu ya bweni lao wenyewe badala ya hesabu za kitabuni: wahesabu taa na pasi, wajumlishe ampia, waulize waya una unene gani. Kizazi kitakachojua kuuliza swali hilo hakitaridhika na kitanda kilichofungwa kwa kamba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wamejaliwa wanaojenga ukuta, kwa kuwa ukuta hujengeka tena. Siku chache kabla ya kuandika makala haya nilimpigia simu mkuu wa shule ile. Jibu la wilaya lilikuwa bado halijafika. Lakini yeye na matroni walikuwa wameamua: boksi la bweni limezimwa, wasichana wanasomea darasani, na wazazi wameitwa kikao cha kuchangia nyaya. Hakuomba kibali cha mtu. Kama ipo hitilafu katika jengo ulilokabidhiwa wewe, nawe unayo swichi hiyohiyo.